ImgBurn: bado ndiyo ninayoitumia kwa DVD inayotakiwa kufunguka Windows, Mac na Linux

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Kama kazi yako inakulazimu kumkabidhi mtu sidii au DVD na hujui kwake kuna kompyuta gani, chukua ImgBurn, programu ya Windows ya kuchoma diski. Ni ya bure, ni ndogo sana, inakaa hata kwenye laptopu chovu ya Windows 7, na inakuachia wewe mwenyewe uamue diski yako isomwe na nani. Mimi nafanya video na picha, harusi, send-off, kipaimara, kwaya, mahafali, na pamoja na kwamba siku hizi wengi wanataka kutumiwa WhatsApp au kuwekewa kwenye flashi, bado wapo wateja wanaotaka DVD mkononi, ina kava na picha ya maharusi mbele, ikae kabatini pale sebuleni. Sasa DVD ile ile itazunguka ukoo mzima, bibi ana deki yake ya zamani, mjomba ofisini ana Windows, shangazi yuko Muscat ana Mac na draivu ya nje ya USB, mpwa wa chuo anatumia Ubuntu, na wote hao wanatarajia waiweke tu ifunguke.

Na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu wengi wanaamini kuchoma diski ni kuchoma tu, ukishasikia draivu imetema basi kazi imeisha. Sio hivyo hata kidogo. Diski inaweza kuwa nzima, haina mkwaruzo, mafaili yako yote yamo ndani, na bado kompyuta ya mwenzako ikasema haina kitu au ikaonyesha majina yaliyokatwakatwa hadi huelewi lipi ni lipi. Mafaili yamo, ila orodha inayoelekeza faili lipi liko wapi imeandikwa kwa namna ambayo mashine ile haiijui, na orodha hiyo ndiyo tunaita mfumo wa faili.

Chanzo kikubwa cha diski kugoma, kwa zile ninazoletewa na watu wakitaka msaada, ni lile swali dogo la Windows. Ukiweka DVD tupu kwenye Windows ya kuanzia Vista inakuuliza, unataka diski itumike kama flashi au itumike na deki ya CD na DVD, na watu wanakimbilia lile la kwanza maana linavutia, unaburuta mafaili, unaongeza, unafuta, raha tupu. Sasa ukichagua hilo, Windows inaiandaa diski kwa mfumo wa faili uitwao UDF, toleo la 2.01 peke yake, na deki nyingi za sebuleni na redio za gari haziijui hiyo kabisa. Ukichagua la pili inakuandikia kwa mifumo inayosomeka sehemu nyingi zaidi, sina ugomvi nayo, ila haikuulizi kitu kingine chochote, huchagui toleo, huchagui urefu wa majina. Kwa mtu anayetoa nakala moja ya picha za mtoto inatosha. Kwa anayetoa nakala nyingi za biashara haitoshi.

Ngoja nieleze kidogo historia maana bila hiyo setingi za ImgBurn zitaonekana kama uchawi. Miaka ya katikati ya 1980 kila kampuni ilikuwa inaandika CD-ROM kwa mtindo wake, mpaka wakakutana wawakilishi wa makampuni kwenye hoteli ya High Sierra pale Ziwa Tahoe, Marekani, wakapanga mfumo mmoja, na mwaka 1988 mpango ule ukiwa na marekebisho ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 9660. Walilenga hata mashine dhaifu kabisa ya wakati ule iweze kusoma, kwa hiyo ngazi ya kwanza inataka jina la faili lisizidi herufi 8 na kiambishi cha herufi 3, herufi kubwa tu, tarakimu na mstari wa chini, na folda zisizidi ngazi 8 kwenda ndani. Ngazi ya pili inafika herufi 31. Ni ya kizamani, ndiyo, lakini mpaka leo sijaona kompyuta isiyoweza kusoma ISO 9660, na kwa hilo inastahili heshima.

Baadaye kila upande ukaongeza ya kwake juu ya ule msingi. Watu wa Unix wakaja na Rock Ridge, ambayo inahifadhi majina marefu mpaka herufi 255, herufi ndogo na kubwa, ruhusa za faili (nani anaruhusiwa kulisoma) na viungo (majina yanayoelekeza kwenye faili jingine). Microsoft mwaka 1995, kipindi cha Windows 95, wakaleta Joliet, majina hadi herufi 64 kwa Yunikodi, kwa hiyo hata jina lililoandikwa kwa Kiarabu au lenye herufi za Kifaransa linakaa vizuri. Mwaka huo huo ikatoka UDF ya shirika la OSTA, iliyokusudiwa kushika nafasi ya ISO 9660 yote, na toleo lake la 1.02 ndilo lililochukuliwa na DVD za filamu. Apple nao walikuwa na HFS yao halafu HFS+.

Habari njema ni kwamba hizi zinaweza kuishi pamoja kwenye diski moja bila kugombana. Ukiichungulia diski kwa programu inayoonyesha baiti moja moja utaliona hili kwa macho yako. Sekta 16 za mwanzo, kila moja baiti 2048, zimeachwa wazi kwa makusudi, halafu sekta namba 16, baada ya baiti moja tu, unasoma CD001, hapo ni ISO 9660 inajitambulisha. Sekta inayofuata au ya jirani inakuwa na CD001 nyingine ya Joliet, mbele kidogo unakuta BEA01, NSR02 na TEA01, hao ni UDF wanasema na sisi tupo, na nanga yao inakaa sekta namba 256. Kila mmoja amepewa sehemu yake ya kusimama. Ni kama kitabu kimoja chenye fahirisi tatu mbele, ya Kiarabu, ya Kilatini na ya Kichina, kila msomaji anafuata anayoijua na wote wanafika ukurasa ule ule. Kwa hiyo usiogope kwamba ukiweka mifumo mitatu DVD itajaa mara tatu, mafaili yanaandikwa mara moja tu, zinazoongezeka ni hizo orodha na hazili nafasi ya maana.

Sasa turudi kwenye ImgBurn. Ukiifungua inakupa uwanja wenye kazi sita, kuchoma faili la ISO (yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) kwenye diski, kutoa ISO kutoka kwenye diski, kuchoma mafaili na folda moja kwa moja, kutengeneza ISO kutokana na mafaili na folda, kuhakiki diski, na ile ya sita ya kupima ubora ambayo mtu wa kawaida hataihitaji. Kwa kazi yetu ni ya tatu au ya nne. Ukiingia humo upande wa kulia kuna vichupo, nenda Options, sehemu ya File System, na hapo ndipo mahali penyewe, unachagua ISO9660 + Joliet + UDF. Chini yake kuna toleo la UDF, weka 1.02. Kwa nini 1.02 na sio kubwa zaidi? Kwa sababu Windows 98 inasoma 1.02, Windows 2000 inafika 1.50, XP inafika 2.01, na 2.50 kwenda juu inataka Vista au Mac ya kuanzia 10.5. Toleo dogo linasomwa na wote, toleo kubwa halikupi faida yoyote kwenye DVD ya picha na nyimbo, isipokuwa kama unachoma Blu-ray ya filamu ambayo yenyewe imejengwa juu ya 2.50.

Ukishachagua hivyo, Windows ya kisasa itafuata UDF, ya zamani sana itafuata Joliet, Mac itasoma bila neno, Linux nayo itasoma, na deki inayocheza MP3 na JPEG itajishikiza kwenye ISO 9660 au Joliet. Hiyo ndiyo setingi ninayotumia kwa diski za data zote.

Kwa DVD ya video ya kuchezwa kwenye deki mambo ni tofauti kidogo na hapa ndipo ImgBurn ilipo juu sana. Ukimpa folda ya VIDEO_TS, ile inayobeba video ya kuchezwa kwenye deki, anaigundua mwenyewe, na kama setingi zako haziendani anasimama anakwambia, mfumo wa faili unatakiwa uwe ISO9660 + UDF, toleo 1.02, niurekebishe? Unakubali, anarekebisha. Programu nyingi za kuchoma zingenyamaza zikakuandikia DVD ambayo kompyuta inacheza ila deki ya bibi inasema NO DISC. Pia usipoweka jina la diski anakukumbusha, na ukimpa folda moja tu anakuuliza kama vilivyomo ndani yake ndivyo vinavyotakiwa kukaa mwanzo wa diski. Maswali haya wengine yanawakera, mimi yananifurahisha, maana kila moja linazuia diski moja kwenda jalalani.

Kwenye jina la diski kuna kitu cha kujua, ISO 9660 inakubali mpaka herufi 32 kubwa ila Joliet inaishia 16, kwa hiyo ukiandika HARUSI_YA_ASHA_NA_JUMA_2024 upande mmoja utalikata. Andika fupi, HARUSI_ASHA_2024 inakaa sawasawa kwenye 16.

Kuna mtego mwingine kwenye DVD+R. Deki za zamani zilitengenezwa kabla ya DVD+R kuenea, zikiona alama yake zinaikataa hata kama zingeweza kuisoma. ImgBurn inaweza kubadilisha alama hiyo ijitambulishe kama DVD-ROM ya kiwandani, ilimradi draivu yako inaruhusu, sio zote zinaruhusu. Kwa DVD-R huwezi kubadilisha, ila kwa bahati nzuri DVD-R ndizo deki za zamani zinazozielewa zaidi, kwa hiyo kama dukani zipo zote mbili na mteja ana deki ya zamani, chukua DVD-R.

Ikimaliza kuchoma inahakiki, yaani inasoma diski yote upya na kulinganisha na ulichokusudia, halafu inapiga kamziki ka ushindi. Tafadhali usiizime hiyo sehemu ya kuhakiki kwa sababu unataka kuwahi. Spidi 8x mara nyingi inatosha kwa DVD, na muda unaoupoteza kuhakiki ni mdogo kuliko kusafiri tena kumpelekea mteja nakala nyingine. Kule chini dirisha la kumbukumbu linaandika kila hatua, draivu gani, diski ya kiwanda gani, spidi ipi imefikiwa, na ukipata shida ukamwonyesha fundi dirisha hilo ataelewa haraka kuliko maelezo yako ya mdomo.

Mapungufu yapo na nayasema wazi. Kwanza toleo la mwisho, 2.5.8.0, lilitoka Juni 2013 na hakuna jipya mpaka leo. Inafanya kazi kwenye Windows 10 vizuri tu, na hata kwenye Linux kupitia Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), ila usitarajie maboresho. Pili maandishi yote ya kwenye skrini kwa kawaida ni ya Kiingereza, na ni Kiingereza cha kifundi, mtu mgeni atatishika na hayo mavichupo. Tatu, kuwa makini unakoidaunilodi, kuna faili za kuinstoli zimefungwa pamoja na programu nyingine za matangazo, soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza Next na kila wanachokupa cha ziada kikatae.

La nne ndilo linalonigusa zaidi kwa mada hii, ImgBurn haiandiki Rock Ridge wala HFS+. HFS+ hainisumbui, Mac inasoma Joliet na UDF bila tatizo, kwa hiyo kwa picha na nyimbo hakuna kinachopotea. Tena HFS ile ya zamani kabisa Apple wenyewe wameiondoa kuanzia macOS Catalina ya 2019, wenye sidii zao za miaka ya 90 za Mac wanajua maumivu yake. Lakini Rock Ridge ni hasara ya kweli kama unahifadhi programu, tovuti au mafaili ya seva, kwa sababu ruhusa za faili na viungo havitabaki kama vilivyokuwa. Mtu wa namna hiyo asitumie ImgBurn, atumie vya Linux.

Na vya Linux viko vizuri sana. K3b ndiyo inayofanana na ImgBurn kwa utajiri wa setingi, kwenye sehemu ya mfumo wa faili imekuwekea chaguo tayari, la Linux na Unix pekee, la Linux pamoja na Windows, la mafaili makubwa kwa UDF, na hata la DOS. Ukichagua la Linux pamoja na Windows unapata Rock Ridge na Joliet kwa mpigo, na Linux ikikuta zote mbili inafuata Rock Ridge, Windows inafuata Joliet, kila mtu ameridhika. Kwa wanaopenda kuandika amri kuna xorriso, na amri yenyewe ni fupi:

xorriso -as mkisofs -r -J -V HARUSI_2024 -o harusi.iso Harusi/

Angalia hiyo -r, ni herufi ndogo. Ukiandika -R kubwa inahifadhi ruhusa za faili kama zilivyo kwenye kompyuta yako, na kama faili lako ulilifunga lisomwe na wewe tu, basi kwenye Linux ya mwenzako atanyimwa kulifungua japo diski ni yake na ameshaishika mkononi. -r ndogo inafungua kila kitu kisomwe na wote. Kwa diski ya kugawa watu, -r. Kwa nakala ya kuhifadhi mfumo wako mwenyewe, -R. Ila xorriso haina UDF, ukiitaka hiyo kwenye Linux tumia genisoimage au K3b.

Kwenye Mac huhitaji kununua kitu. Finder yenyewe ukichoma folda inatoa diski ya mchanganyiko inayosomeka na Windows, na ukitaka kuamua mwenyewe fungua Terminal uandike hdiutil makehybrid -iso -joliet -udf -o harusi.iso ikifuatiwa na njia ya folda yako, kisha hdiutil burn harusi.iso. Kabla ya hapo pitia majina ya mafaili, maana Mac inakuachia uandike alama ya swali kwenye jina la faili na Windows haitaki hata kuisikia, na alama nyingine za kuepuka ni nyota, nukta pacha, nukta mkato, mikwaju yote miwili, alama za nukuu, mabano ya pembe na mstari wa wima. Wa Linux nao waangalie kitu kingine, Picha.jpg na picha.jpg kwao ni mafaili mawili tofauti, kwa Windows ni kitu kimoja, na hapo moja linaweza lisionekane kabisa. Futa pia .DS_Store na Thumbs.db, hazina madhara ila zinamchanganya mzee anayejiuliza hii ni picha ya nani haifunguki.

Ukitaka kuona umuhimu wa kuchagua mfumo wa faili, chukua diski rasmi ya kuinstoli Windows, ya kuanzia Vista, halafu kwenye Linux ilazimishe ifunguke kama ISO 9660. Gigabaiti zote zile hutaziona, utakuta faili moja tu la README.TXT linalokwambia kwamba diski hii inahitaji mfumo endeshi unaosoma UDF. Microsoft waliamua kwa makusudi kuweka kila kitu upande wa UDF, na upande wa pili wakaacha hicho kikaratasi tu. Kwao ni sawa, wanajua nani anaitumia. Wewe unayegawa DVD za kwaya hujui nani ataiweka wapi.

Mfano wa upande wa pili, mzuri kabisa, ni sidii za hospitali. Ukipigwa CT scan au MRI ukapewa picha kwenye CD, ifungue uone, kuna faili linaitwa DICOMDIR na folda zenye majina mafupi ya herufi kubwa, mara nyingi hata kiambishi hayana. Wengine wanadhani zimeharibika. Hapana, kiwango cha DICOM kinachosimamia picha za matibabu kinataka ISO 9660 ngazi ya kwanza, majina yasizidi herufi 8, herufi kubwa, tarakimu na mstari wa chini. Wamejinyima urembo wote ili daktari wa Bugando, wa Aga Khan Nairobi au wa India aiweke kwenye mashine yoyote isomeke. Ila kusomeka diski na kufunguka picha ni vitu viwili, ile programu ya kuangalizia inayowekwa ndani mara nyingi ni ya Windows tu, mwenye Mac au Linux atahitaji yake, Weasis kwa mfano ni ya bure na inakaa kwenye mifumo yote mitatu. Na ukitaka kunakili sidii kama hiyo, ImgBurn inafaa sana, usiburute mafaili, toa ISO kutoka kwenye diski halafu choma ISO hiyo, majina na mpangilio vitabaki vilevile.

Funzo hilo la DICOM nalitumia hata kwenye kazi zangu. Majina ya mafaili nayafupisha, bila nafasi, bila alama, na mwanzo wa diski naweka faili moja la maandishi tupu, ORODHA.TXT, linaeleza kilichomo. Video za data naweka MP4 ya H.264, picha JPEG, nyaraka PDF. Hakuna maana ya kuhangaika na mifumo mitatu ya faili halafu ndani ukaweka mradi wa programu ya kuhariri ambayo mteja hana.

Kwa mafaili makubwa kuna ukuta mmoja wa kuukumbuka, ISO 9660 ngazi ya kwanza na ya pili, na Joliet pia, faili moja halivuki gigabaiti 4. DVD ya kawaida inaandikwa 4.7 kwenye boksi ila Windows inaihesabu kama 4.37, kwa hiyo kuna nafasi ndogo sana ambamo video moja inaingia kwenye DVD lakini imeshavuka ukuta. Tatizo hili linaumiza zaidi kwenye DVD za tabaka mbili na Blu-ray. UDF inabeba bila shida, ila basi mwenye kusoma Joliet hatalipata faili hilo vizuri. Mimi naikata video vipande viwili, ya ukumbini na ya kanisani, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Na hata kama umeshaachana na diski zenyewe, hii kazi ya nne ya ImgBurn ya kutengeneza ISO usiidharau. Faili la ISO lina mifumo yote mitatu ndani yake kama diski ilivyo, Windows kuanzia 8 unalibonyeza mara mbili linafunguka kama draivu, Mac hivyo hivyo, Linux unalipandisha kwa mount -o loop. Kwa hiyo kabla sijachoma natengeneza ISO kwanza, nalifungua kwenye Windows, naangalia majina, nalipeleka kwenye Linux, naangalia tena, nikiona kila kitu kiko sawa ndipo naweka DVD tupu. ISO lenyewe nalihifadhi kwenye hadidiski ya nje, mteja akirudi baada ya miaka anasema watoto wamekwaruza DVD, nachoma nyingine siku hiyo hiyo, na aliyeko Muscat asiye na draivu namtumia hilo hilo faili.